Daftari, kitabu na utulivu wa moyo: jinsi ya kuanza kuandika ukiwa kijijini au machimboni

Kiswahili kina neno moja lenye kazi mbili: mawazo. Ukisema kijana fulani "ana mawazo mazuri", unamsifu kwa ubunifu wake. Ukisema "ana mawazo", bila kuongeza kitu, kila mtu anaelewa kwamba kuna jambo linamlemea. Huenda duara alilolipia limetoa mawe matupu, au mahindi yamekauka yakiwa yanaanza kuchanua, au mtoto anaumwa na hela ya hospitali haijapatikana.

Hapa Runzewe na maeneo yote ya machimbo ya Geita, Kahama na Mbogwe, mawazo ya aina ya pili hayana msimu. Fedha huja kwa ghafla na kuondoka kwa ghafla. Wengi huyamaliza mawazo hayo kwa pombe, kamari za simu au kukaa kimya hadi ugomvi ulipuke nyumbani. Makala hii inaeleza njia nyingine, ya gharama ndogo na iliyotumiwa na watu wa Kanda ya Ziwa kabla yetu: kusoma, kutunga na kuandika.

Huhitaji kuwa na digrii wala kumaliza kidato cha nne. Daftari na kalamu, au simu uliyoishika sasa hivi, vinatosha kuanzia.

Kwa nini kuandika kunatuliza

Jambo likikaa kichwani huzunguka. Leo usiku unaliwaza, kesho linarudi vilevile, na kila likirudi linaonekana kubwa zaidi. Ukiliandika, unalazimika kulipanga: lilianza lini, nani alifanya nini, mimi nilifanya nini, kilichobaki ni kipi. Sentensi haiwezi kuzunguka. Ina mwanzo na mwisho. Ndiyo maana mtu akimaliza kuandika ukurasa mmoja husema anajisikia mwepesi, hata kama tatizo lenyewe bado lipo.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi yao waliandika kuhusu tukio lililowaumiza zaidi maishani, dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu. Katika miezi iliyofuata, walioandika undani wa maumivu yao, yaani tukio lenyewe na walivyojisikia, walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Tafiti nyingi zimefuata. Zimeonyesha kwamba faida ipo lakini si kubwa kwa kila mtu, na kwamba wengine huhuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika, kisha hali hutulia. Kwa hiyo kuandika si dawa ya kila ugonjwa. Ni mazoea mema, kama kunawa mikono au kulala mapema.

Mzee wa Ukerewe aliyengoja miaka 35

Mfano wa karibu zaidi nasi ni wa Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kuishi katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Kitereza aliona mila za Wakerewe zikiyeyuka: namna ya kulima, kuposa, kutengeneza pombe ya ndizi, kutibu, kuzika. Akaamua kuziandika, akaziweka ndani ya hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana lakini hawajapata mtoto. Watu wanawasema, ukoo wa mume unamnyanyasa mke, na wakwe wanamchukua binti yao. Mume anafanya kazi ngumu kumrudisha.

Aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Miaka ilipita, umri ukaenda. Hakuuchoma mswada wala kuutupa. Uzeeni akaifasiri kazi yote kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Kitabu kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, kwa jina la "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali". Kitereza alifariki mwaka uliofuata. Baadaye kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kwa Kiingereza na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine kutoka Ukerewe.

Kitereza na mkewe Anna walizeeka bila mtoto aliye hai. Mtu akilijua hilo, akakisoma kitabu kinachomhusu mume na mke wanaotafuta mtoto, anaelewa kwamba mzee huyu hakuwa anahifadhi mila peke yake. Alikuwa anakiweka mahali fulani kitu kizito cha moyoni mwake.

Swali la kujiuliza ni hili: je, miaka yote ile kabla ya kuchapishwa, kazi yake ilikuwa bure? Watu wengi huacha kuandika kwa sababu wanasema, "Nani atasoma?" Kitereza aliandika bila kujua jibu. Leo Mkerewe anayetaka kujua babu zake waliishi vipi ana pa kwenda. Wasumbwa, wenyeji wa Bukombe, wana hadithi, mafumbo na nyimbo zinazobebwa na wazee, na vitabu vya lugha yao ni vichache mno. Mzee akiondoka anaondoka navyo. Mjukuu mwenye daftari la shilingi mia tano anaweza kuzuia sehemu ya hasara hiyo.

Kezilahabi: kuandika bila kuomba ruhusa

Kisiwa hichohicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo. Riwaya yake ya kwanza, "Rosa Mistika", ilitoka mwaka 1971. Inamhusu binti anayelelewa kwa ukali na baba mlevi, kisha anapotea akifika shuleni na mjini. Kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni kwa sababu ilieleza wazi mambo ambayo wakubwa hawakutaka yatajwe. Baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa.

Mwaka 1974 akatoa "Kichomi", mashairi yasiyofuata vina na mizani. Washairi wa jadi walimpinga vikali wakisema hayo si mashairi. Mabishano yaliendelea kwa miaka mingi, na leo mitindo yote miwili inafundishwa. Kezilahabi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, na alifariki mwaka 2020.

Fundisho kwa anayeanza: usisubiri kujua kanuni zote ndipo uandike. Ukipenda vina na mizani, jifunze, maana ni ufundi mzuri na unafunza nidhamu. Ukitaka kuandika kama unavyoongea, andika hivyo.

Shaaban Robert na Gurnah: kalamu wakati wa majonzi

Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alianzia forodhani, na katika maisha yake ya miaka 53 aliandika vitabu zaidi ya 20. Mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi la maombolezo lenye jina lake. Bintiye alimtungia utenzi wa mawaidha, na mwanawe wa kiume naye akamtungia wake. Kitabu chake "Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini" kinaonyesha mtu akiyapima maisha yake kwa utulivu: kazi, ndoa, vifo, fedha, dharau aliyotendewa na wakubwa wa kazi.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alifika Uingereza akiwa kijana mkimbizi. Alianza kuandika kwa sababu ya upweke na kukumbuka nyumbani, bila nia ya kuwa mwandishi. Aliandika kidogo kidogo hadi maandishi yakawa hadithi. Vijana wengi waliokuja machimboni kutoka Kigoma, Tabora, Mara na kwingineko wanaujua upweke wa namna hiyo, hata kama hawajavuka bahari.

Kutunga hakukuanza na kalamu

Wasukuma wana ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika ngoma. Vikundi vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, na ningi asiye na wimbo mpya hushindwa mbele ya umati. Kwa hiyo ningi husikiliza: habari za kijiji, kisa cha jirani, neno la mzee. Huokota maneno shambani na malishoni, huyarudia kimyamoyo, hupima sauti yake, kisha hufundisha wenzake. Katika kilimo cha pamoja, kama kwenye bugobogobo, wimbo hupunguza uchovu wa jembe na kuwaweka wote katika mwendo mmoja.

Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, karibu na Kisesa nje kidogo ya Mwanza, yanahifadhi ngoma na vifaa vya vikundi hivyo. Mtafiti wa Marekani, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Nyimbo ambazo wazee wetu waliziona za kawaida leo zinasomwa vyuo vikuu.

Kama umewahi kutunga wimbo wa palizi, wa harusi au wa kwaya, umeshaanza. Kilichobaki ni kuuandika usipotee.

Mazoea saba ya kuanza nayo

1. Dakika 15 kwa siku. Chagua saa moja isiyobadilika. Mama lishe anaweza kuipata baada ya chai na kabla ya chakula cha mchana. Mchimbaji anaweza kuipata baada ya kuoga. Andika bila kusimama na bila kufuta. Makosa ya herufi hayahesabiwi.

2. Anza na kitu ulichokiona. Badala ya kuandika "maisha ni magumu", andika ulichokiona leo: fundi wa karasha akifuta vumbi usoni, mwanamke akihesabu mifuko kwenye mwalo, mtoto akiendesha ng'ombe barabarani. Kitu kimoja kilichoonekana vizuri huvuta vingine.

3. Barua isiyotumwa. Kama kuna mtu aliyekuumiza, au aliyefariki kabla hamjamaliza maongezi, mwandikie. Usitume. Soma siku ya pili, kisha amua: ihifadhi au ichome.

4. Ukimya kabla ya kalamu. Kaa, zima data ya simu, vuta pumzi polepole, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Rudia mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoka husaidia mapigo ya moyo kupungua. Wenye dini wanaweza kuanza kwa sala au dua; ni wakati uleule wa kutulia.

5. Tembea au fanya kazi ya mikono. Kuchunga, kupalilia na kutembea kwa miguu ni wakati mzuri wa kutunga. Weka kipande cha karatasi mfukoni, au jirekodi sauti kwa simu, kwa kuwa wazo zuri halisubiri ufike nyumbani.

6. Sikiliza mzee mmoja kwa mwezi. Muulize kuhusu jambo moja tu: njaa aliyoikumbuka, safari yake ya kwanza, jinsi alivyooa au kuolewa. Mwombe ruhusa ya kurekodi. Kisha andika kwa maneno yake, hata kama ni Kisumbwa au Kisukuma.

7. Soma kwa sauti. Kurasa mbili jioni mbele ya familia zinatosha. Anayesoma hujifunza mwendo wa sentensi. Wanaosikiliza, hata wasiojua kusoma, hupata hadithi.

Kama hujui kusoma na kuandika, tunga kwa mdomo na umwombe mtoto aandike. Pia ulizia shule ya msingi iliyo karibu au kwa afisa elimu kata kuhusu madarasa ya elimu ya watu wazima, yanayojulikana kama MUKEJA.

Vitabu vya kuanzia, na pa kuvipata

Anayeandika bila kusoma hukauka mapema. Hivi vinafaa kwa anayeanza:

"Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini" cha Shaaban Robert, kwa anayetaka kuandika habari zake mwenyewe.

"Kusadikika", cha Shaaban Robert pia, ni hadithi fupi kuhusu nchi ya kufikirika na haki inayonyimwa watu.

"Rosa Mistika" na "Dunia Uwanja wa Fujo" vya Kezilahabi ni kwa anayetaka kuona maisha ya Kanda ya Ziwa yakiwa ndani ya riwaya.

"Kuli" cha Adam Shafi kinahusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao. Mtu anayebeba mawe kwa ujira atajiona humo.

"Nguzo Mama", tamthilia ya Penina Muhando, inahusu wanawake wa kijijini wanaojaribu kusimama pamoja.

"Peponi" cha Gurnah, kilichofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022.

Vingi kati ya hivi vimewahi kutumika shuleni, hivyo nakala zilizotumika hupatikana kwa wauza vitabu mijini na kwa waliomaliza sekondari. Uliza Kahama, Geita au Mwanza unapokwenda kwa shughuli nyingine. Maktaba ya mkoa iliyopo Mwanza iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963. Kwa watoto, mradi wa African Storybook unatoa hadithi fupi zenye picha bila malipo mtandaoni, nyingi zikiwa kwa Kiswahili. Unaweza kuzipakua penye mtandao mzuri na kuzisoma baadaye bila kutumia data. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule.

Redio na kikundi: jambo tulilolifanya zamani

Kusoma na kuandika pamoja si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vijijini. Kila wiki walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi.

Kikundi cha watu watano leo kinaweza kufuata njia hiyohiyo. Kutana mara moja kwa wiki, chini ya mti au kwenye kibanda cha chai. Mmoja asome kurasa tatu. Kila mtu asome alichoandika, au asimulie. Kanuni ziwe mbili: hakuna kucheka maandishi ya mtu, na siri ya kikundi haitoki nje. Kitabu kimoja kikizunguka kwa watu watano, gharama inagawanyika mara tano.

Ukitaka kazi yako isomwe

Magazeti ya Kiswahili yamekuza watunzi wa vijijini tangu zamani. "Mambo Leo", lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ya wasomaji, na Shaaban Robert ni mmoja wa walioandika humo.

Leo ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, na mshindi wa kwanza wa kila upande alipewa shilingi milioni 10. Masharti na tarehe hutangazwa kila mwaka, kwa hiyo fuatilia tangazo la taasisi yenyewe. Mtu akikuambia umtumie hela kwa simu ili akuingize kwenye tuzo, mkatae.

Kabla ya kutuma kazi popote, baki na nakala. Andika jina lako na tarehe kwenye kila ukurasa.

Tahadhari

Kama kuandika juu ya jambo fulani kunakufanya utetemeke au ukose usingizi siku nyingi, liache kwanza. Andika kitu chepesi na zungumza na mtu unayemwamini.

Kama unawaza kujiua, au huwezi kula, kulala wala kufanya kazi kwa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati au kituo cha afya. Daftari halichukui nafasi ya daktari, wala ya msaada wa polisi na ustawi wa jamii kwa anayepigwa nyumbani.

Linda maandishi yako. Daftari lenye siri likae mahali salama. Simu iwe na namba ya siri. Ukiandika habari za jirani na unataka kuzitoa hadharani, badili majina na mambo yanayomtambulisha.

Kwa ufupi

Kuandika kunapanga mawazo. Kusoma kunakupa maneno ya kuyapangia. Kutunga ni urithi wetu tangu enzi za ningi na jembe. Kitereza alitunza karatasi zake kwa miaka 35 bila ahadi ya mtu yeyote, na leo ndizo zinazosema kwa niaba ya kisiwa chake.

Leo jioni, kabla ya kulala, chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andika tarehe, kisha andika jambo moja uliloliona kati ya asubuhi na sasa. Kesho ongeza la pili.